Sahihi Zimetangulia Mikono: Mwanafunzi wa MRI Kutoka Tabora Anaomba Ushauri

BARUA

Shikamoo Mama,

Ninakuandikia nikiwa nyumbani Tabora, katika mapumziko ya wiki mbili kabla ya kupanda treni kurudi Dar es Salaam kumalizia mafunzo yangu. Kwa kazi mimi ni mpiga picha wa hospitali: nimepiga eksirei kwa miaka 11, na katika mitatu ya mwisho nimeshika pia CT, ile mashine ya eksirei inayopiga picha za mikato ya mwili. Mwaka jana mwajiri wangu aliniruhusu kwenda kusoma shahada ya uzamili, na kwa kuwa tumeahidiwa kwamba siku si nyingi tutafungiwa mashine ya MRI, inayopiga picha za ndani ya mwili kwa sumaku na mawimbi ya redio, nilijielekeza huko nikijua kwamba ikifika mimi ndiye nitakayeisimamia, na kwa muda fulani nitaisimamia peke yangu.

Darasani sikukwama. Ukiniamsha usiku nitakueleza kwa nini protoni za haidrojeni zilizo ndani ya sumaku ya tesla 1.5 huitikia mawimbi ya redio ya megahezi 64 hivi, na kwa nini maji huonekana meupe kwenye picha ya T2 na meusi kwenye T1, aina mbili kuu za picha za MRI. Shida yangu iko kwenye mashine. Hospitali ninakofanyia mazoezi ina mashine moja, wanafunzi tuko watano, na foleni ya wagonjwa haikatiki. Kazi yangu imekuwa kumlaza mgonjwa, kumfunga koili, yaani antena inayopokea ishara kutoka mwilini, kurudi kwenye kompyuta, kuchagua protokoli, yaani mpangilio wa upigaji uliokwisha kupangwa, na kubonyeza. Picha ikitoka nzuri sijui kwa nini imekuwa nzuri. Ikiharibika, mtumishi mzoefu husogea, hubadilisha namba mbili tatu, na picha hunyooka kabla sijaona alichogusa.

Mwezi wa tatu wa mazoezi niliachiwa mgonjwa mmoja, mzee aliyeletwa na mwanawe akitembea kwa kushikiliwa. Fomu iliandikwa kwa ufupi: maumivu ya mgongo wa chini, MRI ya kiuno. Nilipokuwa namweka sawa kitandani aliniambia kwamba miguu imekuwa migumu kama kuni, na kwamba ganzi inaanzia kitovuni kushuka chini. Nikamjibu, "Pole, baba, tutaona." Nikachagua protokoli ya kiuno, picha zikatoka safi, nikafurahi. Jioni daktari bingwa wa radiolojia aliyekuwa akizisoma akauliza ni nani aliyempiga mzee huyu, na kwa nini kifua hakikupigwa. Mzee alikuwa amekwisha kuondoka. Alipatikana siku ya tatu, na picha za mara ya pili zilionyesha pingili mbili za katikati ya kifua zimeliwa, na ugwe mgongo, yaani kamba ya neva ipitayo ndani ya uti wa mgongo, umebanwa. Wakashuku kifua kikuu cha mifupa. Ameanza dawa, lakini siku tatu zile hazijanitoka rohoni.

Sasa kuna suala la daftari langu la mazoezi. Linadai vipimo 60 nilivyofanya kwa mkono wangu, kuanzia kumhoji mgonjwa hadi kuhakiki picha. Kwa kweli wa Mungu nimefanya kama 22. Msimamizi wangu, ambaye ni mtu mwema aliyezidiwa na kazi, ameniambia nikirudi nimpelekee daftari alisaini lote, kwa maana "wewe si mtoto kazini, mengine utayapatia huko huko kwenu." Wenzangu wawili wamekwisha kusainiwa. Nimebakiza wiki 10. Je, nikubali? Na nikikataa, umahiri wenyewe nitaupata wapi ndani ya wiki 10 kwenye mashine isiyopumzika?

Mwanafunzi wa uzamili, Tabora

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na mzee wako, kwa sababu karibu kila ninachotaka kukuambia kimo katika zile dakika mbili ulizokuwa ukimweka sawa kitandani. Ngozi ya usawa wa kitovu huhudumiwa na neva ya 10 ya kifua. Mtu anayekuambia ganzi inaanzia kitovuni amekutajia, pasipo yeye kujua, mahali pa kuanza kutafuta: usawa wa neva hiyo au juu yake. Tena ugwe mgongo wa mtu mzima huishia karibu na pingili ya kwanza au ya pili ya kiuno. Chini ya hapo limebaki fungu la neva tu, na neva hizo zikibanwa miguu hulegea, haikakamai. Kwa hiyo maneno yake yote mawili, miguu migumu kama kuni na ganzi ya kitovuni, yalikuwa yanakuelekeza juu ya mahali fomu ilipokutuma. Fomu ilikosea, mzee alisema kweli, na wewe ukaifuata fomu.

Hukuwa na mamlaka ya kubadilisha kipimo kwa uamuzi wako, na sikulaumu kwa kutokibadilisha. Ilitakiwa umwache mzee amelala pale pale, unyanyue simu, umsomee daktari wa radiolojia maneno ya mgonjwa kama yalivyo, na uombe ruhusa ya kuongeza picha ya sajita (ya kutazama mwili kwa ubavu) ya T2 inayoonyesha uti wote wa mgongo, jambo la dakika chache. Ona basi kwamba ulikuwa na nusu ya umahiri tayari. Mzee alikuambia jambo ambalo huenda hakumwambia aliyeandika fomu, kwa sababu mikono yako ya miaka 11 inajua kumlaza mtu mwenye maumivu, na mtu aliyelazwa kwa upole husema. Ulikosa nusu ya pili, ile ya kujua kwamba ulichosikia kinabadilisha kazi iliyo mbele yako. Nusu hiyo haimo kwenye protokoli yoyote iliyopangwa, na ndiyo unayokwenda kuitafuta katika wiki hizi 10.

Kuhusu sahihi, nakuomba usikubali. Nalisema hili nikijua uzito wake, maana kumkatalia mkubwa wako wema si jambo jepesi kwetu, na wenzako waliokwisha kusainiwa watakuona unajifanya. Lakini fikiri daftari lile linakwenda wapi. Msimamizi wako atabaki Dar es Salaam, na karatasi itafika Tabora pamoja nawe, ambako mwajiri ataisoma na kuamini kwamba mtu huyu amefanya vipimo 60, anaweza kuachwa peke yake na sumaku. Siku ya kwanza utakapokwama hutaweza hata kuomba msaada, kwa sababu utakuwa umekwisha kuapa kwa maandishi kwamba hukwami. Mtu aliyeandikiwa 22 za kweli anaweza kudai aongezewe mafunzo, aliyeandikiwa 60 za uongo amejifungia mlango huo mwenyewe.

Namna ya kumkatalia ni hii. Usimwendee na daftari tupu na uso wa hukumu. Nenda asubuhi kabla foleni haijaanza, umsalimie, umshukuru, kisha umwambie: "Mwalimu, 22 hizi nimezifanya, naomba unisainie hizi leo. Hizo 38 naogopa nitaaibika nazo nyumbani, maana huko sina wa kumuuliza. Naomba unipangie siku mbili kwa wiki ambazo mimi ndiye nafanya kipimo tangu mwanzo hadi mwisho, na wewe unaniangalia bila kushika." Ombi hilo linamheshimu, linampa jambo la kufanya, na kwa mtu mwema aliyechoka ni rahisi kulipokea kuliko lawama. Hesabu yake inawezekana: siku mbili kwa wiki, wagonjwa wawili kila siku, kwa wiki 10 ni 40. Akikataa kabisa, mwandikie mratibu wa kozi kwa heshima, ukiomba muda wa nyongeza, bila kumtaja mwenzako yeyote aliyesainiwa.

Sasa umahiri wenyewe. Kabla sijafika kwenye kompyuta niseme juu ya mlango, kwa sababu wewe unatoka kwenye eksirei na eksirei imekuzoesha vibaya. Huko ukiachia kitufe hatari imekwisha. Unaweza kuingia chumbani na chochote. Sumaku ya MRI haizimwi jioni. Hata umeme ukikatika, mkondo ulio ndani ya nyaya zilizopozwa kwa heliamu ya kimiminika, kwenye nyuzi joto kama 269 chini ya sifuri, huendelea kuzunguka na uga wa sumaku hubaki vile vile; kinachosimama ni mtambo wa kupoza, na hapo ndipo heliamu inapoanza kupungua na inapobidi kumpigia simu fundi. Mwaka 2001 huko Marekani mtoto wa miaka 6 aliyekuwa kwenye mashine alikufa baada ya mtungi wa oksijeni ulioingizwa chumbani kuvutwa na sumaku na kumpiga kichwani. Nawaza giza la ghafla katika hospitali zetu, mgonjwa anakoroma ndani, na muuguzi mwenye nia njema anakimbia na mtungi. Kama hujawafundisha wauguzi, walinzi na wafagiaji, mafunzo yako yote hayatamsaidia mgonjwa huyo.

Fanya mazoezi ya tukio hilo kwa mikono, ukiwa na saa: mgonjwa amezimia ndani ya mashine, mnamtoaje hadi nje ya mlango wa sumaku, nani anafunga mlango, na dawa na vifaa vya kumzindulia viko wapi nje. Kumhudumia hufanyika nje, daima. Kitufe cha kuitoa heliamu na kuua sumaku usikitegemee kwa mgonjwa aliyezimia, kwa sababu kinachelewa kuliko kumvuta mtu kwenye kitanda cha magurudumu kisicho na chuma. Kimewekwa kwa ajili ya aliyebanwa na kitu kwenye sumaku. Omba mfanye zoezi hilo mara tatu kabla hujaondoka. Ni jambo lisilohitaji mashine kuwa na nafasi, hata saa ya chakula cha mchana inatosha.

Na kumhoji mgonjwa. Ukimuuliza mtu wa kwetu "Una chuma mwilini?" atakujibu hapana, na atakuwa hajakudanganya, kwa sababu hafikirii mwili wake kwa namna hiyo. Nilimhoji mara moja mtu mzima wa hapa Kigoma aliyekuwa amekwisha kujibu hapana kwenye fomu na hapana kwa muuguzi. Nilipomuuliza kama amewahi kukimbia vita, akakaa kimya, kisha akafunua paja na kunionyesha kovu. Kipande kilikuwa bado kimo ndani tangu ng'ambo ya ziwa. Mkoa huu umepokea watu wa Burundi na Kongo kwa miaka mingi, na wengine wamehamia kwenu Tabora, kwa hiyo swali la risasi na vipande vya bomu si la kurukwa. Uliza matukio: umewahi kupasuliwa, wapi, mwaka gani, umewahi kuchomelea au kusaga chuma, na kitu kikaruka jichoni, umewekewa kifaa cha moyo, cha sikio, kibanio cha mshipa kichwani, kitanzi cha uzazi. Sivyo vyote vinavyozuia kipimo, lakini kila kimoja lazima kijulikane ni cha aina gani kabla mgonjwa hajavuka mlango. Mwambie mama afungue pindo la kanga, maana ndimo zilimo sarafu. Hirizi usiitaje kwa dharau. Mwombe aitoe mwenyewe na umwonyeshe mahali salama unapomwekea, la sivyo ataingia nayo ameificha. Hapa miaka yako 11 ni mtaji mkubwa: ukishuku chuma jichoni, wewe unajua kupiga eksirei ya macho vizuri kuliko wenzako wote wanne.

Nikirudi kwenye zile namba mbili tatu ambazo mwenzako hugusa: hutazijifunza kwa kumtazama, hata akienda polepole. Omba ruhusa ya kufika saa moja kabla ya mgonjwa wa kwanza, saa ambayo kompyuta ya mashine huwashwa na ubora hupimwa kwa fantomu, ile chupa ya majaribio. Ukishaipima kwa ajili ya kazi, itumie kwa ajili yako. Chukua picha moja kama protokoli inavyotaka. Kisha badilisha kitu kimoja tu, na kabla hujabonyeza andika kwenye karatasi unachotarajia kuona. Punguza unene wa mkato kutoka milimita 4 hadi 2: ishara itashuka nusu, picha itajaa chengachenga. Sasa jaribu kuirudisha ishara ile kwa kurudia upigaji, na utagundua kwamba kurudia mara mbili hakutoshi, kwa sababu ishara ikilinganishwa na kelele, ile chengachenga, hukua kwa kipeuo cha pili tu cha idadi ya marudio. Utahitaji kurudia mara 4, na dakika 3 zimekuwa 12, na mgonjwa mwenye maumivu hatulii dakika 12. Siku utakapokuwa umeliona hilo kwa macho yako na ukalikosea kwenye karatasi mara moja au mbili, utakuwa umeelewa kwa nini yule mzoefu hugusa kile na kuacha hiki. Bila ya kuandika utabiri, utajidanganya kila mara kwamba ulikuwa unajua.

Fanya hivyo hivyo na mwelekeo wa fezi, mmoja wa mielekeo ambayo mashine hutumia kuipanga picha. Mzimu, yaani kivuli cha uongo cha kitu kinachotembea, iwe damu, pumzi au mate yanayomezwa, huonekana kando ya mwelekeo huo, na kwenye uti wa mgongo kuugeuza kutoka mbele-nyuma kwenda kichwa-miguu mara nyingi huuondoa mzimu juu ya ugwe. Kwa upande mwingine, kuugeuza huweza kuleta picha ya sehemu iliyo nje ya fremu ikajikunja juu ya unayoitaka, usipoongeza kinga yake. Kila dawa ya picha ina madhara yake, nawe unatakiwa kuyajua yote mawili kwa pamoja. Mfano ninaoupenda zaidi, kwa sababu umewanasa wengi, ni STIR, moja ya sikwensi, yaani aina za upigaji wa MRI. Hiyo huzima weupe wa mafuta kwa kufuata muda wa T1, ule wa protoni kurudi katika utulivu wake, ambao kwa mafuta ni mfupi. Dawa ya gadolini, inayodungwa ili uvimbe uonekane zaidi, nayo hufupisha T1 ya mahali inapoingia. Ukipiga STIR baada ya gadolini, uvimbe ulioinywa dawa unaweza kuzimwa pamoja na mafuta, na picha ikatoka safi, ya kupendeza, na ya uongo. Mashine haitakuonya. (Na kabla ya gadolini yenyewe, uliza figo kila mara, hilo mmefundishwa darasani, sitalirudia.)

Usijaribu kuwa mahiri wa kila kitu. Moyo, tezi dume na matiti yaache kwa sasa, ingawa najua daftari lina nafasi zake. Omba zihesabiwe kama ulivyozitazama, ziandikwe hivyo. Katika hospitali ya mkoa kama ya kwenu watu watakuja kwa ubongo na uti wa mgongo, kisha magoti. Zishike hizo tatu hadi uweze kueleza kwa nini kila sikwensi imo. Kwenye ubongo, usiridhike kuona kitu cheupe kwenye picha ya difyusheni, ile inayofuata mwendo wa maji ndani ya tishu, ukasema ni kiharusi kipya. Tazama ramani ya ADC, inayohesabiwa kutokana na picha hizo, kwa kuwa weupe wa T2 huweza kujipenyeza kwenye difyusheni, na kiharusi kipya lazima kiwe cheusi kwenye ramani hiyo. Kwenye uti, chukua picha pana inayoanzia pingili ya pili ya shingo ili pingili zihesabike kutoka juu. Daktari wa upasuaji atafungua mgongo kwa namba utakayomwezesha kuihesabu, na wapo watu ambao pingili zao za kiuno ni 4 au 6 badala ya 5.

Kisha nenda kwenye chumba cha kusomea picha. Hili wapiga picha wengi hawalifanyi, kwa kuona kwamba ni eneo la madaktari, na naliona ndilo kosa kubwa kuliko yote katika mafunzo yetu. Mara mbili kwa wiki, jioni, mpelekee daktari wa radiolojia picha ulizopiga wewe, na umuulize swali moja: "Ulitaka nini hapa ambacho hukukipata?" Usijitetee. Andika. Baada ya wiki nne utakuwa na orodha ya makosa yako mwenyewe, na hiyo itakufaa kuliko kitabu chochote, kwa sababu makosa ya mtu hujirudia kwa umbo lile lile. Anza na yule aliyeuliza juu ya mzee wako. Najua unamwogopa. Mwambie kwamba ulisikia habari ya kitovu na hukujua maana yake, na umwombe akufundishe ramani ya neva za ngozi kwa robo saa. Simjui, lakini daktari aliyekasirika kwa ajili ya mgonjwa hupenda kumwona mtu aliyerudi kuuliza.

Limebaki la nyumbani. Mwajiri wako hajui kwamba kusimamia MRI peke yako tangu siku ya kwanza si sawa, kwa sababu hakuna aliyemwambia. Mwambie wewe, sasa ukiwa bado Tabora na unaweza kuketi naye ofisini. Omba mambo mawili kwa maandishi: mpango wa kupeleka picha kwa daktari wa radiolojia kwa intaneti wakati mgonjwa bado yuko kitandani, na ruhusa ya kurudi kwenye mafunzo kwa wiki kadhaa kabla mashine haijaanza kupokea wagonjwa. Mpe na sababu, umsimulie habari ya mzee na zile siku tatu, bila kumtaja jina wala hospitali. Barua hiyo iandike kabla hujapanda treni.